Siku Baba Alipomtembeza Mama Mkwe Kajiado

Wageni wetu wote walitembezwa Kajiado. Hakuna hata mmoja aliyeomba. Mgeni alifika Kitengela kutoka magharibi, akapumzika, akaonyeshwa choo kilipo na mahali pa kuchota maji, na siku ya pili au ya tatu baba akamwambia, "Kesho tutaenda kuona Kajiado," kwa sauti ile ya daktari anayekwambia utachomwa sindano.

Sababu ni kwamba Kitengela yenyewe haikuwa na kitu cha kuonyesha. Nazungumzia miaka ya tisini, kabla ya maghorofa na yale maduka makubwa ambayo siku hizi watu huenda kupigia picha. Kulikuwa na barabara ya Namanga, ploti za mabati huku na huku, upepo, na uwanda. Mvua ikinyesha, udongo mweusi ulikuvua viatu bila kukuuliza. Msimu huo pia nyumbu walitoka mbugani wakala nyasi karibu na ua wetu, na mgeni aliyebahatika kuwaona alifurahi sana, lakini huwezi kumwahidi mgeni nyumbu. Kajiado haikuhama. Baba alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha saruji, na alipenda kukuta vitu pale alipoviacha.

Kwa hiyo ratiba ya Kajiado ilikuwa imeganda miaka mingi. Ilianza ofisi ya mkuu wa wilaya, ambako mgeni aliangalia bendera. Ikafuata hospitali, kutoka nje. Halafu kilima kidogo cha kuutazamia Mlima Kilimanjaro, ukikubali kuonekana. Halafu stesheni ya reli, ambako gari moshi la magadi hupita likitaka. Halafu nyama. Halafu mnada wa mifugo, kama ni siku ya mnada, kisha nyumbani. Mjomba wangu mmoja aliwahi kuuliza kama wangeweza kuanzia kwenye nyama. Aliambiwa hapana.

Safari ninayotaka kueleza ni ya nyanya yangu, mama yake mama, ambaye tulimwita kukhu kama nyanya wote wa kwetu wanavyoitwa. Nilikuwa darasa la nne. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na wajomba walikuwa wametawanyika mijini wakitafuta riziki. Kukhu alibaki peke yake katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu wengi. Akapanda basi, akaja kwetu, na jioni ya kwanza, chai ilipokwisha, akamwambia mama shida iliyomleta. Alikuja kunichukua.

Kwetu hilo si jambo la ajabu. Nyanya akifiwa, mjukuu mmoja hupelekwa kukaa naye, amchotee maji, amwashie moto, na awe mtu wa kuitwa pale bomani. Mjukuu huyo huwa msichana, na mara nyingi huwa kifungua mimba. Mimi nilikuwa vyote viwili. Hakuna aliyeniuliza, wala sikutarajia kuulizwa, lakini sikutaka kwenda. Nilimpenda kukhu. Nilipenda zaidi kulala nikimsikia baba akikohoa upande wa pili wa pazia. Nilikwenda kulilia nyuma ya choo cha ploti, mahali ambapo mtu hakai bila sababu, kisha nikarudi kuosha vikombe.

Baba naye hakutaka niende. Shida yake ilikuwa kwamba hakuwa na njia ya kusema.

Mwanamume na mama mkwe wake, kwetu, huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Watu wengi waliosoma walikuwa wameanza kulegeza, na kanisani tuliambiwa kila Jumapili kwamba sote ni ndugu, lakini kukhu hakuwa amelegeza chochote, na baba, pamoja na diploma yake, alimwogopa. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili vya kupanga na mlango mmoja. Kukhu alilala kwa jirani, Wakamba wa kanisa letu, na asubuhi ilibidi baba awe ameshatoka kabla yeye hajaingia. Jioni kukhu alitoka ndipo baba akaingia. Zilikuwa zamu, na baba alizizoea kiwandani.

Mtu ambaye huruhusiwi kumtazama usoni huwezi kumkatalia. Na kukhu alikuwa na hoja. "Hapa hakuna watu," alimwambia mama. "Hapa kuna wapangaji. Nimekaa siku hizi zote sijaona mtu akimpisha mwenzake njiani. Mtoto halelewi njiani." Mama alijaribu kutaja shule. Kukhu akasema shule hata kwake iko, na ina miembe.

Basi baba akaamua hatakataa, ataonyesha. Kukhu akiona bendera, hospitali, reli na watu wengi waliovaa vizuri, mwenyewe atasema mtoto abaki mahali penye maendeleo. "Ataona kwa macho yake," alimwambia mama, akaanza kupiga pasi suti.

Mama alikataa kuja. Mdogo wangu alikuwa na surua, hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Ya pili aliisema akiwa jikoni, bila kugeuka: amesimama katikati ya watu hao wawili tangu aolewe, naye siku moja anataka kukaa chini. Kazi ya kusimama katikati nikapewa mimi.

Gari lilikuwa pikapu ya jirani, yule mume wa mama Mkamba, aliyeitumia kubebea mchanga. Mbele palikuwa na nafasi ya dereva na mtu mmoja na nusu. Baba hakuweza kukaa ubavuni mwa mama mkwe, na mama mkwe hawekwi nyuma kwenye mchanga. Kwa hiyo kukhu alikaa mbele na jirani, amejifunga leso mpya, mkoba mapajani, na mtembezaji wa safari akakaa nyuma juu ya tairi la akiba, na suti yake, na tai. Mimi nilikaa karibu naye nimeshika ukingo.

Baba alikuwa amefikiria hata jambo hilo. Angeonyesha mambo kwa kugonga paa la gari: akigonga mara moja, watu watazame kushoto, akigonga mara mbili, kulia. Alimweleza jirani, jirani akaitikia. Hakuna aliyemweleza kukhu. Tulipofika Isinya baba akagonga mara mbili, na kukhu akamwambia jirani asimamishe gari, mkwe wake anataka kujisaidia. Jirani akasimamisha. Baba akauliza kuna nini. Jirani akashuka, akaja nyuma, akamwambia kwa heshima, "Mzee, unaweza kwenda, sisi tutaangalia huko ingine."

Baba alishuka, akaenda nyuma ya kichaka, akasimama kidogo, akarudi. Kumsahihisha mama mkwe kungekuwa kurefu zaidi. Baada ya hapo hakugonga tena, na Isinya ikapita bila kuelezwa.

Ofisini kwa mkuu wa wilaya ndipo utaratibu wetu ulipopatikana. Baba alisimama upande mmoja wa uwanja, amegeukia mlingoti. Kukhu alisimama upande wa pili, amegeukia ukuta. Mimi nilikuwa katikati.

"Mwambie kukhu hapa ndipo serikali ilipo," baba alisema, kwa sauti ambayo mlinzi wa getini aliisikia.

Kukhu pia aliisikia. Lakini alisubiri. Nikatembea mpaka kwake. "Kukhu, baba anasema hapa ndipo serikali ilipo."

"Mwambie nimeona bendera."

Nikarudi. "Baba, kukhu anasema ameona bendera."

"Vizuri," baba alisema, amefurahi kweli. Ilikuwa habari mpya kwake.

Hospitalini nilipeleka habari kwamba kuna madaktari, nikarudi na habari kwamba hata kwao wapo, ila dawa ndiyo hakuna. Baba akanituma nikamuulize kukhu, kwani hapa dawa imekosekana? Mwanamke aliyekuwa akitoka langoni amemfunga mtoto mgongoni akajibu kabla sijafika kwamba leo hakuna. Baba alisema twende kilimani.

Kilimani upepo ulikuwa mkali, na upande wa kusini kulikuwa na wingu kubwa limekaa chini kabisa ya anga. Baba alilitazama wingu lile kwa huzuni ya mtu aliyeandaa kila kitu.

"Mwambie kukhu pale kuna Mlima Kilimanjaro."

"Kukhu, baba anasema pale kuna Mlima Kilimanjaro."

"Naona wingu."

"Baba, kukhu anaona wingu."

"Mwambie mlima uko nyuma ya wingu. Mwambie siku zingine unaonekana mpaka theluji."

Nikamwambia. Kukhu akalitazama wingu kwa adabu, kama anavyotazamwa mtoto mchanga asiyependeza. "Mwambie," akasema mwishowe, "hata nyuma ya mawingu yetu hatujui kuna nini."

Nilipokuwa nikirudi kwa baba niliwaza jinsi ya kusema hilo. Nikalisema kama lilivyo. Baba akaangalia saa yake, ingawa hatukuwa na miadi na mtu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mpaka kilimani nilikuwa nimeamini kwamba baba atashinda, kwa sababu alikuwa amevaa suti. Sasa niliona jinsi alivyokuwa akihesabu vilivyobaki: reli, nyama, mnada. Havikuwa vingi.

Stesheni tulikuta mbuzi wamelala kwenye kivuli cha jengo, na mtu mmoja amelala karibu nao. Reli ilikuwepo. Gari moshi halikuwepo. Baba alimwamsha yule mtu akamuuliza litapita saa ngapi, na yule akajibu kwamba litapita. Tukalisubiri, kukhu kwenye benchi la upande huu, baba akitembea huku na huko upande ule, mimi nikizitazama nguzo za simu. Jirani alilala ndani ya gari. Baba alinituma nikaeleze kwamba reli hii inatoka mbali sana na inakwenda mpaka ziwani, na kwamba gari moshi lina mabehewa mengi meupe kwa vumbi la magadi. Kukhu alisema anaweza kuliwazia. Kisha akanishika mkono, akanikalisha, akaanza kunisuka upya msuko uliokuwa umefumuka upande mmoja.

"Kwangu utalala na mimi kitanda kimoja," alisema, safari hii si kwa ajili ya kupelekwa popote. "Usiku nyumba ile inakuwa kimya mpaka nasikia mchwa wakila mbao. Natoa sauti ili nijue kama bado ninayo."

Nilitazama reli. Nilimhurumia kukhu, na nilitaka kubaki kwetu, na sikuona jinsi mambo hayo mawili yangekaa ndani ya mtu mmoja, lakini yalikaa, nayo yaliniuma. Baba upande wa pili alikuwa amesimama, akijaribu kutosikia.

Gari moshi halikuja. Tukaenda kula nyama.

Kila aliyefika Kajiado amekula nyama, na sitaisifu hapa, inajisifu yenyewe. Shida ilikuwa ukaaji. Buchari ilikuwa na chumba kimoja chenye meza ndefu na madirisha mapana kwa mbele. Baba alichagua mbavu, akasimamia uchomaji kama anayepokea mzigo stoo, akaagiza zipelekwe mezani kwa kukhu, na yeye akabeba sahani yake nje, akala amesimama nyuma ya pikapu, uso kwenye ukuta. Watu walipita wakimtazama. Mwenye buchari alimuuliza jirani yetu yule mzee amekosea nini. Jirani, ambaye mdomo wake ulikuwa umejaa, alisema hajakosea kitu, ni mila tu ya hao watu. Mwenye buchari akatoka, akampelekea baba kiti, akakiweka kikitazama ukuta.

Kukhu alikula vizuri. Alisema nyama ni tamu. Halafu akasema nyama tamu si sababu ya kumlea mtoto njiani, na mtoto atahitaji sweta, kwa sababu basi la kwenda nyumbani hupita mahali pa baridi. Sikuweza kumaliza ubavu wangu. Jirani akaumaliza.

Tulibakiwa na mnada.

Mnada ulikuwa uwanja wa vumbi, umejaa ng'ombe, mbuzi, kondoo, na Wamaasai wenye fimbo wakizungumza polepole kuhusu bei. Baba hakujua lolote kuhusu mifugo, lakini wageni walipenda kuona watu wakinunua, kwa hiyo kila safari alijifanya anataka mbuzi, akauliza bei, akashtuka, akaondoka. Alimwendea Mmaasai mmoja wa rika lake, mwenye shuka nyekundu na kofia ya soksi, aliyekuwa amesimama na mbuzi wachache waliofungwa pamoja. Mimi na kukhu tulisimama nyuma, kwa umbali wa heshima. Jirani alibaki akiongea na mtu wa mchanga.

"Sopa," baba alimsalimu, neno pekee la Kimaasai alilokuwa nalo.

"Ipa," yule akaitikia, kisha akaingia kwenye Kiswahili. "Unataka ya kuchinja ama ya kufuga?"

"Bei gani kwanza?"

Yule Mmaasai akafungua mdomo ataje bei. Hakutaja. Macho yake yalikuwa yameona kitu nyuma yetu. Akavuta shuka mpaka kichwani, akafunika uso, akamwachia baba kamba ya mbuzi mkononi, akazunguka nyuma ya lori la ng'ombe na kupotea.

Baba alisimama na mbuzi wa watu. Nadhani alifikiri ni mbinu ya biashara, kwa sababu alisema kwa sauti, huku akilitazama lori, kwamba hata hivyo hatapandisha bei.

Nyuma yetu alikuwa akipita mwanamke mzee wa Kimaasai, shingo imejaa shanga, akitembea polepole na wenzake wawili, mkononi kibuyu. Naye alikuwa amegeuza uso upande mwingine. Alipofika usawa wa lori alitoka kwenye njia kabisa, akapitia kwenye matope ya kinyesi cha ng'ombe, ili asipite karibu na mahali ambapo mtu yule alikuwa amejificha. Wenzake hawakushangaa. Alipofika mbali, Mmaasai akatokea, akafunua uso, akachukua kamba yake kwa baba, na kutaja bei.

"Ulienda wapi?" baba aliuliza.

"Huyo ni mama ya bibi yangu."

Nilisikia kukhu akivuta pumzi. Alikuwa ameacha kuangalia mbuzi. Alimwangalia yule mwanamume, halafu akaitazama ile njia kwenye matope ambako yule mama alikuwa amepita na viatu vyake vya tairi, na uso wake ukafunguka, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi.

"Mwambie baba yako," alisema, "kumbe hapa kuna watu."

Nilikimbia na maneno hayo ingawa hatua zilikuwa chache. Baba aliyapokea bila kuelewa. Mmaasai akanitazama nikienda, akanitazama nikirudi, akamtazama kukhu aliyegeukia upande mmoja na baba aliyegeukia mwingine.

"Huyu mtoto anakimbia nini?"

"Anapeleka maneno," baba alisema. "Yule ni mama mkwe."

"Mama ya bibi yako?"

"Ndiyo."

"Na umekuja na yeye soko?" Mmaasai hakuficha mshangao wake. "Mnatembea hivi, watu wanaona? Sisi hapana. Mimi nikimwona, napotea."

"Nimeona," baba alisema.

Baba ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa kwenye tairi, akausemesha mlingoti, akala akitazama ukuta, sasa alikuwa akiambiwa hana heshima ya kutosha. Nilisikia sauti nyuma yangu. Kukhu alikuwa anacheka, amefunika mdomo kwa pembe ya leso.

"Ulimpatia nini?" Mmaasai aliendelea.

"Mahari nilimaliza kwa baba mkwe."

"Hiyo hapana. Yeye mwenyewe." Mmaasai akamweleza kwa uvumilivu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Kwetu ukipatia mtu mbuzi, mnaitana Pakine. Wewe unamwita Pakine, yeye anakuita Pakine. Kama ni ng'ombe, ni Pakiteng. Hata kama hamwonani, mko na kitu ya kuitana. Sasa nyinyi mnaitana nani?"

"Hatuitani."

"Ndio maana mtoto anachoka."

Baba alitia mkono mfukoni, akapapasa pochi. Hakuwahi kununua mnyama maishani mwake. Halafu akasema, bila kugeuka, na sauti yake haikuwa ile ya mtembezaji: "Mwambie kukhu achague mbuzi."

Nikaenda. Nikamwambia. Kukhu akaikaza leso yake. Alikuja mpaka karibu na mbuzi, na baba akarudi nyuma kadiri alivyosogea, mpaka mgongo wake ukagusa lori. Kukhu aliwapita wanene. Alimpita jike mweupe aliyesifiwa sana na mwenye mbuzi kuwa ana maziwa. Akasimama mbele ya mbuzi mdogo wa kike, kahawia, mbavu zinaonekana, ambaye tangu tufike alikuwa akilia bila kunyamaza, sauti kali ya kuchosha masikio.

"Huyu."

Baba aliingiwa na wasiwasi. "Mwambie kukhu huyo anapiga kelele sana."

"Kukhu, baba anasema huyo anapiga kelele sana."

"Mwambie nimesikia," kukhu alisema. "Ndiyo maana."

Baba akalipa bila kupunguziwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mmaasai akamkabidhi kukhu kamba, akainamisha kichwa kidogo, akamwamkia, "Yeyo, takwenya," na kukhu, ambaye hakujua neno hilo ni nini lakini alijua kabisa ni nini, akaitikia kwa salamu ya kwetu, "Mulembe." Kisha akanigeukia, kamba mkononi, mbuzi analia.

"Mwambie Pakine," alisema, "mtoto atabaki."

Nilikwenda kwa baba. Alikuwa palepale kwenye lori, na alikuwa amesikia, kila mtu alikuwa amesikia, hata Mmaasai. Lakini alisubiri, kama inavyotakiwa. Nami nikashindwa. Nilifungua mdomo nikalia, pale katikati ya mnada, kwa sauti iliyoshindana na mbuzi.

"Amesema nini?" baba aliuliza taratibu.

"Anasema nitabaki."

Baba alitoa kitambaa mfukoni. Nilidhani ni cha kunipangusa machozi. Akainama akaanza kupangusa viatu vyake, pale kwenye vumbi, akapangusa kimoja, akapangusa kingine, akarudia cha kwanza, na hakuinua uso mpaka jirani alipokuja kuuliza kama tunaondoka.

Tulirudi Kitengela na mbuzi nyuma, kati yangu na baba. Tulipovuka reli, gari moshi la magadi lilipiga honi mbali huko nyuma. Hakuna aliyesimama kuliangalia.

Kukhu aliondoka juma hilo. Mbuzi alipanda juu ya basi, kwenye keria, amefungwa pamoja na magodoro, baada ya mabishano na utingo ambaye alitaka kujua ni abiria au ni mzigo. Wakati basi linaondoka tulimsikia mbuzi mpaka mbali. Baba alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, kama inavyotakiwa, akipunga mkono kwa upande wa basi kwa jumla.

Waliitana Pakine tangu siku hiyo mpaka mwisho. Simu za mkononi zilipofika, miaka ya elfu mbili, kukhu na baba waligundua kwamba mila ilikataza kutazamana tu na haikusema lolote kuhusu simu, wakaanza kuongea kila Jumapili baada ya kanisa, kwa muda mrefu kuliko kukhu alivyoongea na mama. "Pakine," baba alisema, "mvua imenyesha huko?" Mama alikuwa akipita na sufuria, anatingisha kichwa. Kazi yangu ilikuwa imekwisha kitambo.

Lakini Desemba ya mwaka ule wa mbuzi tulikwenda kwa kukhu kwa likizo, mimi na mama. Nilikuwa na furaha, kwa sababu nilikuwa naenda kutembea tu. Jioni ya kwanza, jua likizama, nilikuwa ndani nakunywa chai. Kukhu alikuwa nje, anazunguka boma. Nikasikia akiita jina langu. Aliliita kwa urefu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuliita kila jioni na kuitikiwa.

"Naam, kukhu!" nikajibu, nikatoka mbio na kikombe mkononi.

Mbuzi wa kahawia, sasa amenenepa, alikuwa anakuja kutoka upande wa migomba, akilia kama kawaida yake. Kukhu alimshika shingo, akampapasa. Ndipo akaniona mlangoni. Hakuonyesha aibu, wala hakuwa na ukali. Alinieleza tu kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni.

"Si wewe," alisema. "Wewe uko Kitengela."